Chungu Hakizai Joto

Swali huja na video. Fundi amefika nyumbani kwa mteja, Hamburg au Birmingham, kupima ukuta utakaofungwa kiyoyozi cha kupasha chumba, na kabla hajafungua futi kamba anaonyeshwa simu. Kwenye kioo kuna vimshumaa vinne vya vikombe vya bati vilivyopangwa katikati ya matofali mawili. Juu yake kimepinduliwa chungu kidogo cha maua, nacho kimefunikwa kwa chungu kikubwa zaidi. "Si joto la mnururisho hili hili mnalotuuzia? Sasa hela zote hizo za nini?"

Swali hili limeulizwa mno. Limeulizwa hasa tangu majira ya baridi ya 2022, bei ya gesi ilipopaa Ulaya baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na kila mwenye tofali na mshumaa akageuka mhandisi. Vikosi vya zimamoto vya Ujerumani na Uingereza vilitoa maonyo, lakini video zikaendelea kuruka kutoka simu hadi simu. Ubaya wa swali lenyewe ni kwamba lina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza watu.

Hesabu kwanza. Kimshumaa kimoja kina nta ya gramu 14 hivi, na kikiwashwa hudumu kama saa nne. Kilo moja ya nta ya parafini hubeba nishati ya takriban megajuli 43. Mwanafunzi wa sekondari akigawanya vizuri atapata wati 40 kwa kila kimshumaa. Vinne vinatoa wati 160. Mtu mzima aliyekaa kitini bila kufanya lolote hutoa wati 100 hivi kutoka mwilini mwake. Kwa hiyo majirani wawili waliopita kunywa chai wanapasha chumba kuliko mtambo wote ule wa vyungu na matofali, tena hao hawaunguzi zulia.

Upande wa pili wa mizani kuna chumba chenyewe. Sebule ya mita za mraba 20 katika jengo la zamani, lenye kuta zisizo na kihami joto na madirisha yanayopitisha upepo, inaweza kupoteza kilowati mbili nzima usiku wa baridi kali. Wati 160 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya joto linalotoroka. Mwenye nyumba akiviacha vimshumaa vyake jioni nzima, atapandisha kipimajoto kwa nyuzi mbili na kidogo, kwa sharti asifungue dirisha.

Na dirisha lazima alifungue. Kila gramu ya nta inayoungua hutoa gramu moja na theluthi ya mvuke wa maji na gramu tatu za kaboni dioksaidi. Mvuke huo hautoki nje kwa hisani yake. Unatafuta mahali penye baridi kuliko pote, yaani kona ya ukuta nyuma ya kabati, unageuka maji hapo, na baada ya wiki chache kona imeota ukungu mweusi. Mpangaji wa Ulaya anajua vita anavyopigana na mwenye nyumba kwa sababu ya ukungu. Akiupalilia mwenyewe kwa mishumaa, amejimaliza.

Hapo mtetezi wa chungu hutoa hoja yake ya mwisho: lakini kinakuwa cha moto! Ni kweli, kinakuwa cha moto, na ndiyo ile chembe ya ukweli. Mshumaa ukiwaka peke yake, sehemu kubwa ya joto lake hupaa darini pamoja na hewa. Chungu hulizuia njiani, udongo ukapata moto, na sehemu ya joto lile ikatoka ubavuni kama mnururisho. Aliyeweka kiganja karibu nacho anahisi mabadiliko, na hadanganyiki. Ila joto lililoingia chumbani ni lile lile la wati 160, liwe limepita kwenye udongo au halikupita. Udongo hauongezi hata wati moja. Video inampiga picha mtu akitabasamu, viganja vyake vikiwa sentimita kumi kutoka kwenye chungu. Haimwonyeshi mtoto aliyekaa upande wa pili wa chumba amejifunika blanketi.

Hatari nayo haina mzaha. Vimshumaa vikibanwa pamoja chini ya kifuniko hupashana moto. Nta yote ya kikombe huyeyuka, huanza kutoa mvuke unaowaka, na mwali mmoja mkubwa huchukua nafasi ya miali minne midogo. Mtu akimwagia maji, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha nta inayowaka hadi usoni na kwenye mapazia. Chungu cha maua nacho hakikutengenezwa kwa kazi ya jiko. Kikipata moto kupita kiasi kinapasuka.

Msomaji wa Njombe, Lushoto au Limuru asicheke sana, maana kuna imani ya nyumbani iliyo mbaya kuliko hii: kwamba mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu bila moshi, jiko linaweza kuingizwa chumbani watu walale nalo. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Kila mwaka kwenye miezi ya Juni na Julai habari za familia zilizokufa hivyo husikika. Hapo hakuna mjadala wa wati.

Basi mnururisho wenyewe ni nini hasa, kwa mtu anayetaka kununua mashine? Anayeota jua asubuhi ya Julai huko Lushoto anajua jibu: akisogea hatua mbili kivulini anatetemeka, ingawa hewa ya kivulini ni ile ile ya juani. Mwili haupimi hewa peke yake. Unabadilishana joto na kila uso unaotazamana nao: ukuta, kioo cha dirisha, dari, sakafu. Mdenmark P. Ole Fanger, aliyechapisha kitabu chake juu ya starehe ya joto mwaka 1970, aliligeuza jambo hili kuwa milinganyo, na kiwango cha kimataifa cha ISO 7730 kimejengwa juu ya kazi yake. Kwa chumba kisicho na upepo mwingi, kanuni ya haraka ni kuchukua wastani wa joto la hewa na la nyuso. Hewa ikiwa nyuzi 22 za Selsiasi na kuta nyuzi 14, aliye ndani anahisi kama yuko kwenye nyuzi 18. Rimoti inasema 22, miguu inakataa. Vyote viwili viko sahihi.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, kikiwa kwenye hali ya kupasha, hupasha hewa. Kinachota joto lililomo kwenye hewa ya nje, hata ikiwa ya baridi, na kwa kila kilowati moja ya umeme huingiza ndani kilowati tatu au nne siku ambayo nje kuna nyuzi 7. Baridi ikizidi, nyuzi 7 chini ya sifuri, uwiano huo hushuka hadi mbili na kitu. Hata hapo bado kinashinda hita ya waya, ambayo kilowati yake moja ya umeme hutoa kilowati moja ya joto basi. Mashine ndogo ya kilowati tatu za joto ni sawa na vimshumaa 75 vikiwaka kwa pamoja, vya kubadilishwa vyote kila baada ya saa nne. Kasoro yake ni ile ile ya hewa: hewa moto hupanda, feni inapuliza, dari inafaidi kwanza na vifundo vya miguu mwisho.

Ndipo watengenezaji walipojaribu kuunganisha hewa moto na mnururisho. Mfano unaojulikana ni Nexura ya kampuni ya Daikin, iliyoingia sokoni Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ni mashine ya kuwekwa chini, kimo chake sentimita 60 na upana 95, yenye uso wa alumini. Nyuma ya uso huo gesi ya moto inayotoka kwenye kompresa hupitishwa kabla ya kufika kwenye koili, na alumini hufika nyuzi 55 hivi. Feni inapunguzwa hadi karibu isisikike: desibeli 19 kwa mujibu wa kampuni. Aliyekaa mbele yake anapata joto bila kupulizwa.

Lakini mwenye kalamu na apige hesabu hapa pia. Uso wenye nyuzi 55 katika chumba cha nyuzi 20 hutuma mnururisho wa kama wati 240 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzima haifiki hata mita 0.6 za mraba. Zinapatikana wati mia moja na ishirini au thelathini tu. Ni nyingi kwa magoti ya bibi aliyekaa mita moja na nusu kutoka kwenye paneli, na ni chache mno kwa chumba kizima. Mzigo wote uliobaki unabebwa na hewa, na ndiyo maana mashine hizi zina njia mbili.

Sakafu huonyesha jambo hili wazi zaidi. Japani zipo mashine za nje ambazo kila moja hulisha kiyoyozi cha ukutani pamoja na mabomba ya maji moto yaliyolazwa chini ya sakafu. Sakafu ya mita za mraba 15 ikifika nyuzi 27 tu, joto ambalo mkono unalihisi kama vuguvugu, hukipa chumba cha nyuzi 20 zaidi ya kilowati moja. Paneli ya nyuzi 55 haiigusi. Kinachoamua ni ukubwa wa uso, ukali wa moto hufuata nyuma. Na chungu cha maua ni uso wa upana wa sahani. Tena maji ya nyuzi 35 huitesa kompresa kidogo kuliko ya nyuzi 55, kwa hiyo bili ya umeme inashuka.

Soko limeshalisoma somo hilo. Kwenye mashine mpya za chini za Daikin, za jina la Perfera, kuna kitufe cha Heat Plus kinachofanya kazi kwa nusu saa, na kampuni yenyewe inasema kinauiga mnururisho. Muuzaji anayeapa kwamba kila mashine ya chini "inanururisha" aulizwe: bomba la gesi linapita nyuma ya uso, au hewa moto inateleza tu juu yake?

Sasa machaguo, kwa haraka. Chumba ambacho mtu hukaa pale pale muda mrefu, mzee au mgonjwa, kifungwe mashine ya chini, yenye paneli ikipatikana, chini ya dirisha, na sofa isiizibe. Chumba cha kuingia na kutoka kinatoshwa na kiyoyozi cha ukutani, mabawa yake yakielekezwa chini. Anayejenga au kuvunja sakafu alaze mabomba, akijua sakafu huchukua saa kadhaa kupata joto, na hewa moto ndiyo ya kuziba pengo hilo asubuhi. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anunue paneli ya umeme ya mnururisho ya wati 300 hadi 600 na kuielekeza kwenye kiti chake. Kwa kila wati ni ghali kuliko kiyoyozi, ila inapasha mtu bila kuhangaika na dari. Wote wazibe nyufa za madirisha na kushusha mapazia mazito jua likizama, kwa sababu hizo ni nyuzi za bure kwenye nyuso zinazomtazama aliye ndani.

Rimoti iwekwe 21, feni iachwe ijiongoze. Kuweka 30 hakuharakishi kitu: viyoyozi vya inveta, ambavyo Toshiba ilianza kuviuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1981, huanza kwa nguvu kubwa vyenyewe vikikuta chumba kina baridi. Mashine ikisimama dakika chache, paneli ikapoa na nje ukatoka mvuke, inayeyusha barafu kwenye koili ya nje. Haijaharibika, na fundi asiamshwe usiku. Uwezo unaoandikwa kwenye tangazo hupimwa nje kukiwa na nyuzi 7, kwa hiyo anayeishi kwenye baridi kali aulize namba ya nyuzi 7 au 10 chini ya sifuri kabla ya kulipa. Na wa Iringa au Limuru anayenunua AC Dar es Salaam au Nairobi asidanganywe na alama ya jua kwenye rimoti, maana rimoti hiyo hiyo huambatanishwa na mashine za kupoza peke yake; asome kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje, na kama uwezo wa kupasha haukuandikwa hapo, basi hiyo mashine haipashi.