Keti Pembeni, Usimwonyeshe

Juzi nilikaa steshenari karibu na mama mmoja aliyekuwa akijaza fomu ya maombi mtandaoni. Kwenye tarehe ya kuzaliwa akaandika 12/3/71, akamaliza mengine, akabofya kitufe cha kutuma. Yakatokea maandishi mekundu: tarehe si sahihi. Hayakusema kosa liko wapi, na yote aliyojaza yakafutika. "Haya mambo siyawezi, mwanangu," akaniambia, akaanza kukusanya karatasi zake. Kumbe mfumo ulitaka mwaka utangulie, na haukumwambia mahali popote.

Wanaopima urahisi wa tovuti wangelihesabu kosa hilo kuwa la ukurasa. Kipimo chao hakihitaji maabara. Humtafuta mtu wa aina ile ile itakayoitumia tovuti, wakampa kazi ya kweli aifanye, wakamwomba aseme kwa sauti kila anachowaza, kisha wakanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Aliyetengeneza ukurasa huwashwa na kidole, anataka kusema "bofya pale juu". Akisema tu, kipimo kimeharibika, maana huyo mtu akiwa kwao hatakuwa na wa kumwonyesha.

Wapimwe wangapi? Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichambua miradi kadhaa ya upimaji wa aina hii wakakuta kwamba mtu mmoja huibua, kwa wastani, asilimia 31 ya kasoro. Wa pili hukwama pengi alipokwama wa kwanza, akaongeza machache mapya. Kwa hesabu yao, wakifika watano, kama asilimia 85 ya kasoro zimeshaonekana. Kwa hiyo Nielsen hushauri upime watano, urekebishe, upime watano wengine, badala ya kuita 15 kwa mkupuo. Lakini wawe watumiaji wenyewe. Vijana watano wa ofisini kwako hawatakuonyesha anapokwama yule mama.

Kuna pia dodoso la John Brooke la mwaka 1986 la kupima urahisi wa matumizi, ambalo mtumiaji hulijaza mwenyewe, lenye kauli 10 na alama kuanzia 0 hadi 100. Linakupa alama, ila halikuambii kilichomkwamisha mtu. Mimi nathamini zaidi jicho linalomtazama mtu akifanya kazi.

Wewe unayejenga fomu za umma, tafadhali weka visanduku vitatu: Siku, Mwezi, Mwaka. Na mtu akikosea kimoja, mwachie vingine alivyokwisha kuvijaza.