Mita Isiyongoja Mtandao

Mfanyabiashara wa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye mita ya LUKU, ile ya umeme unaolipiwa kabla, anunuapo umeme kwa simu, hupokea tarakimu 20, huzibonyeza, na taa zikawaka. Wala mita hiyo haikuuliza neno lolote makao makuu ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Hiyo ndiyo fahari ya usanifu uliobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990: ufunguo wa siri umehifadhiwa ndani ya mita, na kwa ufunguo huo mita yenyewe huzifumbua tarakimu, ikatambua uniti zilizolipiwa, ikakataa namba iliyokwisha kutumika, na kutoa idhini pasipo kungoja amri ya mtu.

Kampuni za sola zilishika njia nyingine. M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo yake nchini Kenya mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya kisanduku cha betri, ili malipo ya M-Pesa yafike kwenye mtambo wenyewe na kampuni iijue hali yake kutoka mbali. Faida hiyo ni adhimu, lakini yategemea mnara wa simu. Na biashara iteremkayo kutoka Sumbawanga hadi Ziwa Tanganyika, kwa wavuvi wa dagaa ambao riziki yao hutafutwa usiku, haistahili kuwekwa rehani kwa mnara.

Hata hivyo chombo kinachojitegemea kina gharama yake, nayo ilidhihirika mwaka 2024. Kila namba ya LUKU hubeba wakati wake, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na kwa kuwa tarakimu 20 hazibebi mambo mengi, nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, zilizotimia 24 Novemba 2024. Ilibidi TANESCO iwapelekee wateja makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kubadili ufunguo na la tatu la uniti, na mteja ayaingize kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu mpya, inayoanzia 2014, nayo itakwisha 2045.

Basi wanaoandika programu za mashine za barafu ya samaki, pampu za maji na gridi ndogo za mwambao huo wa mkoa wa Rukwa nawasihi: idhini ikae ndani ya chombo, hesabu zipelekwe makao makuu mtandao urudipo, na mkataba wa ununuzi utaje tangu siku ya kwanza ni lini saa ya chombo itafika ukingoni, na nani atakayegharimia marekebisho.