Vibao Vyeupe vya Mto Kongo

Msafiri atokaye pwani, aliyezoea kuuona mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904 ili kuwahadharisha mabaharia wanaoingia Unguja kutoka kusini, akifika Kisangani hatauona mnara kama ule, ingawa majabali yamejaa tele na mkondo ni mkali kupita wa bahari. Maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, yameenea masafa ya kilomita 100 hivi tangu Ubundu hadi hapa mjini, na kuteremka kwake ni mita 60 kwa jumla. Basi taa gani itamwonyesha nahodha njia mahali pasipo njia? Ndiyo sababu mji huu, ambao Tippu Tip wa Unguja alifanywa wali wake mwaka 1887, ukawa mwisho wa safari za meli, na shehena ya kwenda juu ikashushwa na kuchukuliwa kwa nchi kavu, hata reli ya kilomita 125 ilipokamilika mwaka 1906.

Wenyeji wa majabali hayo ni Wagenia, ambao hukita magogo marefu katika mashimo ya mwamba, wakayafunga kwa kamba za msituni, kisha wakaning'iniza migono mikubwa ambayo midomo yake huukabili mkondo, na samaki akasukumwa ndani kwa nguvu ya maji yenyewe.

Amma chini ya maporomoko, ambako huanza safari ya kilomita 1,734 hadi Kinshasa, hatari ni nyingine. Mwamba haubanduki mahali pake, na mnara uliojengwa juu yake husema kweli miaka yote. Bali fungu la mchanga huhama, na mlango uliopitika mwaka jana huenda leo umezibwa. Kwa hiyo alama za mto huu ni maboya, na vibao vyeupe vilivyopigiliwa kwenye miti ya ukingoni, ambavyo usiku huonekana kurunzi ya meli ikivimulika. Rubani hufuata kibao hata kibao, akivuka toka ukingo huu hadi ule, na penye shaka mabaharia husimama omoni wakichoma maji kwa fito zilizotiwa rangi kwa vipimo, wakinadi kina kwa sauti kubwa.

Ukingo ukimeguka, mti huanguka na kibao chake. Naona mtu apigiliaye kibao kipya, akisimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, astahili heshima ile ile ya mlinzi wa mnara.