Ukitoka Tirana, elekea ziwani

Euro 500, nauli ya ndege kando, hazikufikishi siku kumi Paris. Katika Balkani ya Magharibi zinakutosha, na unaona nchi tatu. Ila yote yanategemea unageukia wapi ukishatua Tirana, mji mkuu wa Albania.

Njia ya kwanza ni ya pwani: Shkodër, kisha Ulcinj na Kotor nchini Montenegro, hadi Dubrovnik ya Kroatia. Ndiyo inayojaa kwenye picha za mitandaoni. Ya pili inaingia bara: Ohrid na Skopje katika Makedonia Kaskazini, Prizren ya Kosovo, halafu unarudi Tirana kwa barabara kuu inayokata milima. Mzunguko umekamilika, wala huhitaji tiketi ya ndege ya kurudi kutokea mji mwingine.

Tupige hesabu. Bara, kitanda cha hosteli ni kama euro 10 hadi 15. Ukijumlisha chakula, kahawa na kiingilio cha hapa na pale, siku moja inakula takriban euro 35. Siku kumi ni 350, na nauli za mabasi ya mzunguko mzima ni kama 60. Jumla 410. Pwani, siku tatu za Albania zinabaki kwenye bei ileile, lakini Kotor wakati wa kiangazi andaa euro 65 kwa siku, na Dubrovnik 100 bila anasa yoyote. Kupanda ukuta wa mji tu ni zaidi ya euro 30. Siku nne Kotor, tatu Dubrovnik, ongeza mabasi: unakaribia 725. Tofauti hiyo ya euro 300 na ushee hailipii uzuri zaidi. Inalipia meli za kitalii zinazomwaga watu bandarini kila asubuhi.

Hakuna haja ya kuionea Ohrid huruma. Mji na ziwa lake viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na maji ni maangavu hata unaona mawe ya chini. Mabasi mengi kutoka Tirana yanakushusha Struga, mji jirani. Hapo unachangia teksi na wenzako. Prizren ndipo ningekaa siku nyingi zaidi. Adhana inatoka msikiti wa Sinan Pasha, mto unapita chini yake, na meza za mikahawa zimebanana kingoni. Kahawa ya maziwa ni kama euro moja. Asubuhi watu wanakula bureki: unga uliokunjwa tabaka kwa tabaka, ndani jibini, mchicha au nyama, unakatiwa kipande kikiwa moto kwenye karatasi, ukateremsha kwa mtindi wa kunywa. Hicho ni kifungua kinywa kinachokufikisha alasiri. Anayetafuta nyama ya halali hapati shida Kosovo.

Kinachomaliza pesa za wasafiri huku ni vijisenti visivyoandikwa kwenye tiketi. Mzigo unaowekwa chini ya basi hulipiwa pembeni, mara nyingi euro moja au mbili, na dereva anataka chenji, si noti ya hamsini. Mashine za kutolea pesa Albania nyingi hukata mamia ya lek kila unapochomoa kadi, kwa hiyo toa kiasi kikubwa mara moja. Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya nyumbani, kataa. Kiwango chake ni cha kukunyonya. Kosovo na Montenegro wanatumia euro ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Denar za Makedonia Kaskazini zimalize kabla hujavuka mpaka, maana nje ya hapo wa kuzibadilisha haonekani kirahisi.

Simu ni habari njema. Tangu Julai 2021, nchi sita za Balkani ya Magharibi zimeondoleana gharama za kutumia laini mipakani. Laini ya Tirana inafanya kazi Skopje na Prizren. Soma tu masharti ya bando.

Sasa viza, hasa kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania. Albania, Makedonia Kaskazini, Kosovo na Montenegro hazimo Schengen, lakini zinampokea mwenye viza halali ya Schengen ya kuingia mara nyingi. Albania inataka viza hiyo iwe imeshatumika kuingia Schengen. Makedonia Kaskazini na Kosovo zinakupa hadi siku 15, Montenegro 30. Mwanafunzi mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi pia hana mlolongo mrefu. Lakini Kroatia iliingia Schengen Januari 2023: siku za Dubrovnik zinakatwa kwenye zile siku 90 zako za Schengen, za Ohrid hazikatwi. Na mwenye viza ya kuingia mara moja, ambayo ameshaitumia, atarudishwa mpakani mwa Kroatia.

Kama bahari ndiyo kiu yako, ishia Ulcinj. Mji huo uliwahi kuwa na jamii ya watu wenye asili ya Afrika, vizazi vya waliochukuliwa utumwani na mabaharia wake. Kotor unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni. Nenda Mei, Juni au Septemba, epuka Julai na Agosti, na masharti ya viza yahakikishe ubalozini kabla ya kulipia tiketi.