Jiko Linalong'aa Si Lazima Liwe Salama: Ukaguzi wa Migahawa na Afya ya Mlaji

Mlaji anapoingia mgahawani, macho yake hutazama sakafu, meza na mavazi ya mhudumu. Vikiwa safi, huketi na kuagiza chakula bila wasiwasi. Hata hivyo, vimelea vinavyoleta magonjwa kupitia chakula havionekani kwa macho, na mara nyingi chakula kilichochafuliwa navyo hakibadiliki rangi, harufu wala ladha. Kwa hiyo, ukaguzi wenye manufaa ni ule unaochunguza pia mambo matatu ambayo jicho peke yake haliyaoni: muda, joto na afya ya mpishi.

Muda na joto

Katika mazingira yanayowafaa, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja huweza kuzaa zaidi ya milioni 16 kwa saa 8, yaani tangu mgahawa unapofungwa usiku hadi unapofunguliwa alfajiri. Joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndilo linalowastawisha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kipikwe hadi ndani yake kifikie angalau nyuzi 70, na kikishaiva kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Cha moto kihifadhiwe kikiwa na zaidi ya nyuzi 60, na cha baridi kikiwa chini ya nyuzi 5.

Wali ni mfano mzuri. Mchele huweza kubeba mbegu sugu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa upoe polepole katika sufuria kubwa, mbegu hizo huchipua, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Kupasha kiporo hakuiondoi sumu hiyo, kwani haiharibiwi na moto wa jikoni. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Kinga yake ni kupika wali unaotosha, au kuugawa katika vyombo vipana visivyo na kina na kuuweka katika jokofu kabla ya saa 2 kupita.

Afya ya mpishi

Mwaka 1907, katika jiji la New York nchini Marekani, mpishi aliyeitwa Mary Mallon aligundulika kuwa chanzo cha homa ya matumbo katika nyumba kadhaa alizofanyia kazi. Yeye mwenyewe alijiona mzima. Alitengwa, akaachiliwa mwaka 1910, kisha akarudi jikoni kwa kuwa upishi ndio uliokuwa ukimpatia riziki. Mwaka 1915 alikutwa akipika katika hospitali ya wanawake baada ya ugonjwa kuzuka humo. Alitengwa tena hadi alipofariki mwaka 1938.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza wengine. Kwa hiyo, Kenya na Tanzania huwataka wanaoshughulika na chakula wapimwe afya mara kwa mara. Pili, cheti cha afya huonyesha hali ya siku ya kipimo tu. Mpishi anayelipwa kwa siku, akianza kuharisha wiki moja baada ya kupimwa, huenda akaficha ugonjwa wake ili asikose ujira. Mwenye mgahawa anayemkata mshahara mgonjwa hujiletea hatari jikoni kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi ya mkaguzi

Ziara iliyotangazwa mapema huonyesha jiko lililoandaliwa kwa ajili ya mgeni. Afisa afya hupata picha ya kweli zaidi afikapo bila taarifa, wakati wateja ni wengi. Hupima joto la jokofu na la chakula kwa kipimajoto, na huuliza wali ulipikwa saa ngapi. Hutazama kama nyama mbichi imewekwa chini ya vyakula vilivyo tayari kuliwa, na kama kachumbari inakatwa kwenye ubao uleule wa nyama. Huchunguza chanzo cha maji, choo, na mahali pa kunawia mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Huuliza pia: mfanyakazi akiugua, hufanywa nini?

Wajibu wa kituo cha afya na mgonjwa

Mara nyingi ukaguzi wa maana huanzia katika chumba cha daktari. Mgonjwa mmoja anayeharisha huonekana kuwa jambo la kawaida. Watatu waliokula mahali pamoja ni ishara ya mlipuko. Mhudumu wa afya anapaswa kuuliza mgonjwa alikula nini, wapi, lini, na nani mwingine ameugua, kisha amjulishe afisa afya wa eneo husika. Asilaumu mlo wa mwisho kwa haraka: dalili za homa ya matumbo huweza kujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya maambukizi.

Mgonjwa naye anywe maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari (ORS), na asijinunulie antibiotiki bila ushauri. Aende hospitali mapema akiona damu katika choo, homa kali, kutapika kusikokoma, kiu kali au mkojo kupungua. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasisubiri dalili hizo. Kutaja mahali alipokula si kumchongea mwenye mgahawa. Ni kuwakinga watakaoketi katika meza hiyohiyo kesho.