Je, Wajua? Maajabu Yaliyomo Ndani ya Shokapu ya Pikipiki

Pikipiki ikikutikisa mpaka kiuno kikalalamika, lawama zote huenda kwa barabara. Lakini barabara ni ileile, na mwenzako anapita juu ya mashimo yaleyale akipiga soga na abiria wake. Tofauti kubwa imo ndani ya shokapu: humo mna springi, oili, hewa na karne kadhaa za akili za watu. Haya hapa ni baadhi ya maajabu yake, na mengine unaweza kuyajaribu leo ukiwa na futi ya fundi cherehani tu.

Pikipiki ya kwanza ya petroli haikuwa na shokapu wala tairi la upepo

Mwaka 1885 Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda Reitwagen, chombo chenye fremu ya mbao na magurudumu ya mbao yaliyovishwa pete za chuma. Injini yake ilikuwa na nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja, na kila jiwe la barabarani lilipanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Miaka mitatu baadaye, 1888, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop aliyekuwa akiishi Belfast alifunga tairi la upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mpaka leo upepo wa tairi ndio springi ya kwanza kukutana na jiwe. Kabla hujamlaumu fundi wa shokapu, pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lililojazwa kupita kiasi litakupiga hata ukifunga shokapu za bei gani.

Watu waliogopa springi za nyuma

Kwa miaka mingi waundaji waliamini kwamba gurudumu la nyuma likiwekewa springi, pikipiki itayumba na kukosa adabu barabarani. Mwaka 1928 Giuseppe Guzzi, mhandisi wa Italia na kaka wa mwanzilishi wa Moto Guzzi, aliamua kumaliza ubishi kwa vitendo: alipanda pikipiki yenye springi nyuma, akatoka Italia hadi ng'ambo ya Mstari wa Aktiki, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Hata hivyo wengine hawakuharakisha. Harley-Davidson walifunga shokapu za nyuma kwenye pikipiki zao kubwa mwaka 1958, na ilipofika 1984 walileta Softail, ambayo shokapu zake zimefichwa chini ili ionekane kama haina!

Mbele mambo yalikwenda kasi zaidi. BMW walitoa R12 na R17 mwaka 1935, pikipiki za kwanza kuuzwa kwa wingi zikiwa na shokapu za mbele za bomba ndani ya bomba, zenye oili ya kutuliza mdundo. Tazama bodaboda yoyote iliyoegeshwa kijiweni: umbo ni lilelile.

Kanuni ya springi ilichapishwa kwa mafumbo

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alitambua jinsi springi inavyofanya kazi, lakini alihofia kuporwa ugunduzi wake. Mwaka 1676 aliuandika kwa Kilatini, akazivuruga herufi zake 14 na kuzipanga kwa mfuatano wa alfabeti, kisha akazichapa hivyo zilivyo. Alikaa kimya miaka miwili, na mwaka 1678 ndipo akafumbua: nguvu ya springi huongezeka kwa kadiri ile ile ulivyoivuta au kuibonyeza. Ukizidisha mzigo mara mbili, springi nayo hubonyea mara mbili. Kila shokapu iliyopo madukani imesimama juu ya sentensi hiyo moja.

Kukaza shokapu hakuifanyi springi kuwa ngumu

Hili huwashangaza hata mafundi wa siku nyingi. Ile pete yenye ngazi kwenye shokapu ya nyuma, ambayo tunaizungusha tukiamini tunaongeza ugumu, haigusi ugumu wa springi hata kidogo. Springi inayohitaji kilo 20 ili ibonyee sentimita 1 itadai kilo 20 zilezile kwa kila sentimita inayofuata, ukaze usikaze. Kinachobadilika ni kimo: pikipiki inakaa juu zaidi au chini zaidi ukishaipanda.

Na kimo hicho ndicho roho ya starehe yote. Shokapu inatakiwa izame kidogo kwa uzito wako, takribani robo hadi theluthi ya urefu wote inaoweza kubonyea. Kwa nini izame? Kwa sababu barabara ina matuta na mashimo pia. Kwenye tuta gurudumu linapanda, kwenye shimo linapaswa kushuka, na haliwezi kushuka kama shokapu tayari imenyooka mpaka mwisho. Springi iliyokazwa kupita kiasi kwa mtu mwepesi hulitupa gurudumu hewani badala ya kulishusha shimoni.

Kupima ni rahisi, ila unahitaji wasaidizi wawili. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka katikati ya ekseli wima hadi alama uliyoibandika kwenye mkia wa kiti. Tuseme ni milimita 560. Sasa ishushe, mmoja aishike isimame wima, wewe ukae na nguo zako za safari na miguu juu ya vikanyagio, mwingine apime tena. Akisoma 530, imezama milimita 30, na kwa pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma lina nafasi ya kupanda milimita 100, hapo umepata. Akisoma 550, legeza. Akisoma 510, kaza. Kama umefika ngazi ya mwisho na bado inazama mno, springi hiyo si ya uzito wako. Na kama shokapu za nyuma ni mbili, hesabu ngazi pande zote zilingane, kwani ni kawaida kukuta kushoto ngazi ya 2, kulia ya 4.

Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi

Wapo wanaokata mizunguko ya springi ili kuishusha pikipiki, wakitumaini itakuwa laini. Kinyume chake! Springi ya mizunguko 20 ikikatwa ikabaki na 16, ugumu wake unapanda kwa asilimia 25, maana uzito uleule sasa unabebwa na waya mfupi zaidi.

Waya wenyewe una ajabu kubwa kuliko hiyo. Chukua springi mbili zenye upana sawa na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 7, nyingine ya milimita 8. Kwa macho huoni tofauti, lakini ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza kwa takribani asilimia 70. Ndiyo maana kununua springi kwa kukadiria kwa jicho dukani ni kamari. Nenda na kipimo, au nenda na springi ya zamani mkononi.

Pikipiki hubeba mzigo unaozidi uzito wake

Gari dogo la tani moja likipakia watu wanne, uzito wote unapanda kwa kiasi cha robo hivi. Pikipiki ya kilo 120 ikimbeba dereva na abiria mmoja, kila mmoja wa kilo 70, uzito umeshazidi maradufu, na hapo hatujataja abiria wa mishikaki wala gunia. Hakuna springi moja inayoweza kumfurahisha dereva akiwa peke yake na akiwa amepakia. Wahandisi wamejaribu mbinu nyingi: nyingine ni springi ambayo mizunguko yake imebanana upande mmoja na kuachana upande wa pili, hivyo huanza laini na kuishia ngumu. Bajaj wao, kwenye Boxer inayotawala vijiwe vya Afrika Mashariki, wametia springi ndogo ndani ya springi kubwa. Kwa dereva wa bodaboda, ngazi za shokapu ni kifaa cha kila siku: kaza unapoanza kazi ya mizigo, legeza unaporudi nyumbani peke yako.

Shokapu ni jiko dogo

Springi peke yake haitulizi kitu. Inapokea pigo, inalirudisha, na pikipiki inaendelea kurukaruka kama mpira wa kitenesi uliodondoshwa sakafuni. Anayekata mdundo ni oili: inalazimishwa kupita kwenye matundu membamba, na nguvu ya pigo inageuka kuwa joto. Baada ya kilomita nyingi za barabara mbovu shokapu hupata moto kweli, oili inakuwa nyepesi na kuanza kutoa povu, na povu halina uwezo wa kutuliza chochote. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alipata dawa mwaka 1953: shokapu ya bomba moja yenye gesi iliyoshindiliwa, inayoikandamiza oili isitoe mapovu. Shokapu nyingi za bei kubwa mpaka leo hutumia gesi ya naitrojeni kwa njia hiyo. Usiitoboe kamwe shokapu ya namna hiyo wala kuichomelea, kwani inaweza kulipuka.

Marekebisho ya bei nafuu yanauzwa kwa chupa

Oili ya injini tunaibadilisha kwa uaminifu, ila ya shokapu za mbele watu wengi hawaijui hata rangi. Ukiimwaga baada ya miaka, hutoka nyeusi, nzito, yenye chembe za chuma zinazong'aa na harufu ya samaki aliyeoza. Ukiweka mpya, pikipiki inabadilika siku hiyohiyo.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, hewa iliyobaki juu ya oili nayo ni springi: ukiongeza oili, hewa inabaki kidogo, inabanwa zaidi, na shokapu inakuwa ngumu inapokaribia mwisho wake. Kwa hiyo mafundi makini hupima kimo cha oili kwa milimita, pande zote mbili. Pili, namba iliyoandikwa kwenye chupa haina maana moja kwa kampuni zote. Oili mbili zilizoandikwa 10W zinaweza kutofautiana uzito waziwazi, hivyo ukipata inayokufaa, baki nayo.

Ungeniuliza pesa ya kwanza iende wapi, ningesema hapa, kisha springi za uzito wako, na shokapu mpya za kifahari zije mwisho.

Mawimbi ya barabara ya vumbi hayaletwi na shokapu

Yale makunyanzi yanayokatiza barabara za changarawe, mstari baada ya mstari, hutokea hata pale gurudumu linalopita halina springi wala shokapu. Watafiti walilithibitisha hilo kwa kuzungusha gurudumu juu ya mchanga kwenye maabara na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Tatizo ni mwendo: gurudumu likizidi kasi fulani ndogo, mawimbi huanza yenyewe.

Sasa sikiliza hesabu hii. Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa wima wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Mawimbi yakiachana kwa sentimita 75, na wewe ukienda kilomita 20 kwa saa, unapigwa zaidi ya mara 7 kwa sekunde, ndani kabisa ya eneo la mateso! Ukienda 60, mapigo ni 22 kwa sekunde, na ghafla barabara inaonekana imelainika. Madereva wa njia za vumbi wanaijua siri hii bila kikokotoo. Ila ulaini huo una bei: gurudumu linagusa vilele tu, sehemu kubwa ya muda liko hewani, na breki haina cha kushika. Shokapu yenye oili nzima hulirudisha gurudumu chini upesi, kwa hiyo inakupa starehe na inakulinda kwa pamoja.

Shokapu moja ilizishinda mbili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Lucien Tilkens aliziondoa shokapu mbili za nyuma na kuweka moja tu, ndefu, ikilala chini ya tangi. Yamaha wakaununua ubunifu huo, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akatwaa nao ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250. Leo pikipiki za mbio za jangwani kama Dakar zina magurudumu yanayopanda na kushuka takribani milimita 300.

Mguu wa mbele wa Vespa ulitoka kwa mtu wa ndege

Vespa, ambayo wakazi wa mji wa Unguja wameizoea, ilitoka mwaka 1946, ikiwa imebuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta. Gurudumu la mbele alilishika upande mmoja tu, kama mguu wa eropleni, ili libadilishwe haraka likipata pancha.

Utepe mwembamba wa mpira hubeba breki yako

Juu ya bomba la shokapu ya mbele kuna sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Jiwe dogo likikwaruza bomba, au matope yakikaukia pale, sili hukatika, na oili huteremka polepole kuelekea gurudumuni. Ikifika kwenye diski au pedi, breki ya mbele inateleza. Kesho kabla hujawasha, pitisha kidole juu ya bomba zote mbili. Kikitoka na utando wa oili, mpelekee fundi pikipiki siku hiyohiyo, na mwambie abadilishe sili za pande zote mbili.