Maradhi ya Ngano na Meza za Mjini
Makala ya Pili

Tuliarifu katika makala iliyotangulia ya kwamba maradhi ya siliaki huwapata baadhi ya wanadamu, wapatao mmoja katika kila mia kwa hesabu ya dunia nzima, ambao kinga za miili yao, zikutanapo na gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hughadhibika na kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili, hata chakula kikapita bila kumfaa mlaji. Leo tunaingia katika mlango wa pili, ulio na taabu zaidi kwa mgonjwa kuliko vipimo, nao ni namna ya kula nje ya nyumba yake asijidhuru.

Mtu aliyezaliwa Hombo, mashariki mwa Kongo, pale mto wa jina hilo unapoitenga Walikale na Kalehe, aweza kuishi miaka mingi na maradhi haya asijijue, kwa kuwa maakuli ya kwao ni bugali ya mihogo, sombe ya majani ya mihogo, makemba (ndizi za kupika), maharagi, samaki na mafuta ya mawese, na katika hayo yote hakuna gluteni hata chembe. Ngano hufika Hombo kwa magari yatokayo Bukavu kwa njia ya Bunyakiri, katika sura ya mikate na biskuti, au unga wa kukaangia mandazi. Na mwenye kuonja mandazi siku ya soko kisha akaumwa tumbo atasema ni minyoo au amiba, na aghalabu atakuwa amesema kweli. Lakini mtu huyo akihamia Goma au Bukavu kwa masomo au kwa biashara, akawa hufungua kinywa kila asubuhi kwa chai na mkate, adhuhuri akala makaroni, na jioni akaketi na wenzake mbele ya chupa ya bia, huenda akadhoofika bila sababu ijulikanayo, akapungukiwa damu, na jamaa zake wakaanza kumtafuta mchawi.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Hao na watazame watoto wa Wasahrawi walioko kambini katika jangwa la Aljeria, ambao uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 uliwakuta wenye maradhi haya zaidi ya 5 katika kila 100, na unga wa ngano ndio chakula chao cha kila siku. Afrika yetu hii ya kati wagonjwa wanaojulikana ni wachache, ila na wanaopimwa pia ni wachache.

Na kwa kuwa Hombo ni nchi ya ndizi, yafaa tukumbushe kisa kimoja. Mwaka 1924 tabibu Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wenye maradhi haya, waliokuwa wakifa kwa kuhara na kukonda, hupona wakilishwa ndizi kwa wingi na kuondolewa mkate. Na kwa miaka mingi waganga waliisifu ndizi kana kwamba ndiyo dawa, hali dawa yenyewe ilikuwa ni kule kukosekana kwa mkate. Ukweli ulithibitishwa na tabibu wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na ambaye katika njaa kubwa ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika na watu wakala hata vitunguu vya maua, aliwaona wagonjwa wake wadogo wakinenepa wakati wenzao wazima wakikonda, kisha mkate uliporejea, wakaugua tena. Maelezo yake aliyaandika mwaka 1950. Hivyo mwana wa Hombo alaye makemba na sombe anashika, bila kuandikiwa na tabibu yeyote, chakula ambacho wagonjwa wa New York walikinunua kwa gharama.

Basi mgonjwa akiwa mjini na njaa imemshika, aingie wapi? Wengi hudhani kwamba mkahawa mkubwa wenye vitambaa vyeupe mezani ndio wenye salama. Mimi naona kinyume chake. Katika mikahawa hiyo upishi umefuata desturi ya Kibelgiji na Kifaransa: mchuzi hukazwa kwa unga wa ngano, nyama huviringishwa katika chenga za mkate, makaroni huchemshwa jikoni humo humo, na anayekuletea sahani hajui kilichotiwa sufuriani, kwa hiyo ukimwuliza atakujibu kwa adabu lile analodhani litakupendeza. Lakini katika malewa, yaani vibanda vya chakula, mama aliyepika ndiye akupakuliaye, sufuria zake ni tatu au nne na zote waziona, na unga wa ngano, kama anao, ni ule wa mandazi ya asubuhi.

Hata huko, hadhari ni lazima. Bugali mara nyingi huchanganywa mihogo na mahindi, na mahindi hayana dhara. Ila uulize kama hakuna unga mwingine ndani yake. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, ambao wakikaangwa wakavu ni halali kwa mgonjwa, huenda wakapakwa unga wa ngano ili wakauke vizuri. Viazi vya Masisi havina kosa, lakini vikikaangwa katika mafuta yaliyotumika kwa mandazi na sambusa vimekwisha kuharibika, kwa maana moto hauivunji gluteni. Michopo ya mbuzi, yaani nyama ya kuchoma, ni njema ikiwa ni chumvi na pilipili tu. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi vingine vina ngano, na mchuzi mweusi wa soya aghalabu unayo. Jibini ya Masisi ile kwa amani.

Msomaji aweza kuuliza, je, chenga kidogo namna hiyo zitadhuru nini? Uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 ulionyesha ya kuwa miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa miezi mitatu, zatosha kuuharibu utumbo; na kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 au zaidi, yaani sehemu moja ya arubaini ya kipande hicho yatosha.

Katika vinywaji, Primus na bia nyingine zipikwazo kwa kimea cha shayiri ni haramu kwake. Kasiksi itokanayo na ndizi na mtama haina gluteni, ijapokuwa ina madhara yake mengine ambayo si mada yetu.

Lililo zito kwa watu wa kwetu ni hili. Kukataa chakula cha mtu, au kumhoji juu ya sufuria yake, kwahesabiwa ujeuri, na mgonjwa huona heri aumwe kuliko aitwe mwenye maringo. Nami namshauri asiseme habari za gluteni, neno ambalo halitamfaa jikoni, bali aseme kwamba ngano ni mwiko kwake. Kwani katika nchi hizi mtu akisema mnyama fulani ni mwiko wa ukoo wake, hapana amshurutishaye kumla wala amtakaye ushahidi. Kisha amkabili mpishi mwenyewe, kwa upole, kabla ya kuketi, na kabla wateja hawajawa wengi: «Mama, ngano iko mwiko kwangu. Hii bugali iko ya mihogo peke yake ao mulichanganya? Na hii mafuta, mulikarangia mandazi ndani?» Akijibiwa kwa kusitasita, aagize makemba ya kuchemsha na maharagi, au ndizi mbivu na maganda yake, aende zake bila ugomvi.

Makala ya tatu, inshallah, itahusu uji wa watoto, na hostia ya misa, ambayo kwa sheria ya Kanisa Katoliki sharti iwe ya ngano. Kwa sasa twamsihi kila anayejishuku asiuache mkate kabla ya kupimwa damu, kwa sababu kipimo hicho hutafuta alama ambazo mwili huzitoa ungali ukila ngano, na aliyekwisha kuiacha kwa miezi huenda akaambiwa hana maradhi, hali anayo.